Jokofu la Chumba cha Nyuma

12 Januari

Mwanangu, mboni ya jicho langu,

Barua hii ikikukuta mzima na umekula, nimeshapata ninachotaka, mengine ni nyongeza. Huku hatujambo. Goti la kushoto linanisumbua nikikaa sana kwenye cherehani, lakini ni goti langu mwenyewe, silalamiki. Kaka yako amepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule. Mkewe tumbo limekuwa kubwa hata anatembea kama mtu anayesukuma mkokoteni. Yeye anasema ni wa kike. Mimi nasema ni wa kiume, na unajua kwa mambo hayo sijawahi kukosea isipokuwa kwako.

Sasa nije kwenye penyewe. Mitambo yako ya kompyuta imefika. Yule fundi wako mwembamba, ambaye nimempa jina la Msumari naye ameitikia bila kinyongo, aliishusha mlangoni kama mtu anayeshusha mayai. Ameipanga kwenye chumba cha nyuma alichokuwa akilala bibi yako. Kaka yako ameziba dirisha kwa mbao, kiyoyozi kimefungwa, betri zimewekwa chini, na nyaya zimebanwa ukutani zimenyooka kuliko mishono yangu. Alipoiwasha, vitaa vya kijani vikaanza kukonyeza. Cherehani yangu iko upande wa pili wa ukuta ule ule. Ninaposhona nasikia inavuma, kama mtu anayefikiri jambo.

Nikamuuliza, "Baba, humo ndani hasa mna nini?" Akanijibu, "Mna nakala, mama. Zahanati na shule zinaweka kumbukumbu zao kwenye mitambo ya binti yako kule mjini. Kila kinachoingia kule kinanakiliwa hapa kwako. Ya kule ikiungua au ikifurika maji, ya hapa ipo." Nikaelewa vizuri tu. Wewe ni kabati la watu, na mimi ni kabati la kabati.

Mama Pacha, jirani yetu, unamjua. Pacha wake mmoja si ameajiriwa ng'ambo na mojawapo ya yale makampuni makubwa yanayofanya kazi kama yako? Kila akija kupimwa gauni ananihubiria: majengo yao ya mitambo ni mapana kama viwanja vya mpira, dunia nzima inahifadhi vitu kwao. Miaka yote nimemsikiliza na pini mdomoni. Sasa pini nimezitema. Nimemwambia, wa kwako anafanya kazi kwenye kampuni, wa kwangu kampuni ni yake.

Swali langu ni moja. Hao wakubwa nasikia bei yao iko chini. Kwa nini usishushe na wewe? Mshonaji mwenzangu wa kule barabarani akishusha, nami nashusha, mpaka mmoja wetu achoke.

Msumari anasema atakuja kila mwezi kufuta vumbi na kukagua, basi barua zetu atazibeba yeye. Simu siiwezi. Nikiishika napiga kelele, mtaa mzima unasikia, na kabla sijafika kwenye jambo lenyewe unaniambia "nitakupigia, mama."

Mimi mama yako, mwenye mitambo nyumbani.

10 Februari

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, nikacheka peke yangu mpaka muuza rangi wa chini akatoka kuangalia kuna nini. Mimi mzima. Ninakula, ingawa si kwa saa zake. Ofisi yetu bado inanuka rangi kutoka dukani kwake, na wateja wakija wanadhani tumepaka ukuta jana. Pole kwa goti lako. Wifi mwambie asibebe ndoo.

Kuhusu bei, haiwezekani, mama. Wakubwa wananunua mitambo kwa meli nzima. Mimi nanunua mmoja baada ya kuusubiri mwaka. Nikishusha, watashusha tena bila hata kuhisi, halafu mimi nitafunga mlango. Kwa hiyo nauza vile ambavyo wao hawaviuzi. Kwao mteja analipa kwa fedha ya kigeni, mwezi huu hivi, mwezi ujao vingine. Kuingiza mafaili ni rahisi, kuyatoa ndiko kunakomtoa jasho. Kwangu bili ni ya fedha yetu, haipandi wala haishuki, na akitaka kuondoka anaondoka na vitu vyake vyote. Kwao akikwama anaandikia mashine, inamjibu mashine. Kwangu anapiga simu, anapokea mtu, wanaelewana. Na sichukui kila anayebisha hodi. Nachukua zahanati, shule na vyama vya akiba, kwa sababu kazi zao nazijua hadi uvunguni. Nikijifanya duka la kila kitu nitamezwa.

Sasa kuna jambo kubwa. Umoja wa zahanati umetangaza zabuni ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati zake zote na hospitali yao kuu. Tumebaki wawili: mimi, na mmoja wa hao wakubwa. Ndiyo, ni yule yule wa mtoto wa Mama Pacha. Tukiipata, tutasimama kwa miguu yetu. Tukiikosa, sijui kama nitaweza kuwabakiza watu niliowaajiri.

Kwa hiyo nakuomba, mama, na naomba kweli. Chumba hicho asiingie mtu. Ndani mna magonjwa ya watu, mna picha za vifua vyao, mna siri ambazo wengine hawajawaambia waume zao. Ninachouza hasa ni kwamba hakuna anayegusa. Ikiwezekana hata kutajwa kisitajwe. Najua ninachokuomba, na ninajua ninamwomba nani.

Binti yako.

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena, maana sasa kuna mtu mwingine humu ndani ambaye hata shikamoo hajui kusema na tayari anatutawala. Mke wa kaka yako amejifungua. Ni wa kike. Basi nimekosea mara ya pili, na makosa yangu yote mawili yana macho yale yale. Mashavu kama maandazi yaliyoumuka. Anapiga kelele kuliko cherehani. Kaka yako anamshika kama kioo cha dirisha.

Maelezo yako ya bei nimeyaelewa, na nimeyatumia. Mshonaji wa barabarani ameshusha tena. Mimi sikushusha. Nimeandika mlangoni: "Kurekebisha bure mpaka likukae." Wateja wamerudi. Usidhani mama yako kichwa chake ni cha kufungia kitambaa tu.

Kuhusu chumba, nimekusikia neno kwa neno. Haingii mtu. Yaani mtu wa kuingia akakaa, akavuta kiti, hayupo. Mlango naufungua mimi tu, nikifagia hapo kizingitini.

Watu wamemiminika kumwona mtoto, huwezi kuwazuia watu kumwona mtoto. Mama Pacha naye alikuja, amejifunga kitambaa chake cha kichwani cha hariri, na simu mpya aliyotumiwa na mwanawe, inapiga picha hata kwenye giza la uvungu. Akaanza tena habari za viwanja vya mpira. Tukazungumza, tukatembea tembea humu ndani kuonyeshana nyumba. Aliondoka amenyamaza kimya, na wewe unajua Mama Pacha kunyamaza kwake ni mpaka aumwe jino. Sina zaidi la kusema juu ya siku hiyo, ila nilishona mpaka magharibi nikiimba.

Zabuni wanatoa jibu lini? Nimeshanunua kitambaa cha gauni nitakalolivaa siku ya kutangaza. Ni cha bluu.

Mama yako.

19 Aprili

Mama, shikamoo.

Natumaini mtoto anaendelea vizuri na wifi ameshapata nguvu. Mimi mzima.

Msumari anakuja na kitasa kipya. Atakifunga kwenye mlango wa chumba cha nyuma, na ufunguo atakaa nao yeye. Kiyoyozi kikizima, usifungue, mpigie simu.

Zabuni bado.

Binti yako.

20 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa fupi hata nikaigeuza nyuma nitafute iliyobaki. Mtoto hajambo. Sasa anacheka, ingawa mkwe wangu anasema ni gesi.

Nakuandikia hapa hapa wakati Msumari anakaza skurubu za mwisho. Nimemletea chai, ameiacha mezani ikapoa. Mtu aliyekuwa anakunywa vikombe viwili na kuomba cha tatu. Nikamuuliza, "Msumari, kuna tatizo?" Akasema, "Hakuna, mama." Nikamuuliza, "Nimekukosea?" Akasema, "Mimi hujanikosea, mama." Lile neno "mimi" alilikalia sana.

Sina ubaya na kitasa. Ni kizuri, kinang'aa. Ila nimeishi nyumba hii tangu nikiwa mwari, na hakijawahi kuwepo chumba nisichoweza kuingia. Nikipita na ufagio naruka kile kizingiti kama kaburi. Bibi yako angekuwepo angeuliza, na sijui ningemjibu nini.

Kama kuna la kuniambia, niambie. Kama hakuna, basi niambie hata unakula nini.

Mama yako.

14 Juni

Mwanangu,

Mwezi wa Mei Msumari alikuja mikono mitupu. Nikasema labda umebanwa na kazi. Leo kaja tena mikono mitupu, basi naandika mimi, barua haihitaji ruhusa.

Sisi wazima. Mtoto ameanza kugeuka mwenyewe. Kaka yako amemaliza madawati. Goti limetulia.

Juzi Mama Pacha alikuja kuchukua gauni lake. Sikumpa kiti. Akawa anahangaika na kishikio cha mkoba wake, halafu akasema, "Jirani, ile picha tuliyojipiga mle chumbani mimi nilimtumia mwanangu tu. Nilitaka aone na sisi huku tunayo. Yeye akawaonyesha wenzake kazini, wakacheka, basi. Sikujua itafika mbali." Nikamuuliza imefika wapi. Akasema, "Imefika kwa wenye zahanati." Nikamfungia gauni lake kwenye gazeti. Nilimfungia vizuri, na pasi nilikuwa nimeshalipiga.

Usiniandikie kuhusu picha. Najua nilisimama wapi kwenye hiyo picha, na najua nilikuwa nafanya nini.

Tangu siku hiyo kuna jambo nimeanza kulifanya hapa mtaani. Sitakuandikia ni nini. Likikufikia kwa njia nyingine usikasirike, na usinitetee kwa mtu.

Kile kitambaa cha bluu nimekikata nguo za mtoto.

Mama yako.

15 Julai

Mama yangu, shikamoo, na nisamehe kwa ukimya.

Uliniambia nisiandike kuhusu picha. Nitaandika mara moja, halafu basi.

Siku chache kabla ya kile kitasa tuliitwa kwenye kikao, sisi na wale wakubwa. Mtu wao wa mauzo alikuwa na suti nzuri na sauti ya upole. Alizungumzia majengo yao, walinzi, kamera, milango inayofunguka kwa kidole. Halafu akasema, "Na hapa ndipo mshindani wetu anapohifadhi nakala zake." Akaonyesha ukutani, kubwa, ukuta mzima. Mama Pacha na kitambaa chake cha hariri, mkono ameuweka juu ya mtambo kama anampapasa ng'ombe. Pembeni yake ni wewe. Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka tu. Mimi nilikuwa na la kusema na sikulisema, kwa sababu nilikuwa nakuangalia wewe. Ulikuwa unacheka kichwa kimerudi nyuma. Sijakuona ukicheka hivyo tangu tulipomzika baba. Nilishindwa kukasirika, na nilishindwa kutokasirika, ndiyo maana sikuandika.

Kuna la pili nililokuficha. Baada ya kikao yule mtu alinifuata kwenye ngazi. Akaniambia niache kuhangaika na mitambo, niwe wakala wao. Nitauza huduma yao kwa jina langu, wateja wangu watahamia kwao, mimi nitapata asilimia. Si pendekezo la kijinga, mama. Wengi wadogo kama mimi wamelikubali na wanalala usingizi. Lakini simu akiipiga muuguzi wa zahanati, nitakachoweza kumwambia ni kwamba nimewaandikia wakubwa, tusubiri. Nimeomba muda wa kufikiri.

Umoja wa zahanati haujatukataa moja kwa moja. Mkaguzi wao, mama mmoja asiyecheka ovyo, alisema atakuja mwenyewe kuona chumba. Akikuta njia ya wapita njia, basi. Tumekubaliana Msumari awepo siku hiyo, na anakuletea barua hii kabla yao. Wapokee. Usiseme mengi. Msumari atawafungulia, waone, waende.

Binti yako.

2 Agosti

Mwanangu,

Msumari hakufika mwezi uliopita, nasikia mabasi yamekwama kwa sababu ya daraja. Barua hii nitampa dereva yeyote atakayepita. Wote wazima, mtoto anakaa akiegemezwa mto.

Nikueleze yaliyotokea jana, maana nimejisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu kitasa kile.

Nilikuwa nashona sare za shule. Wakaja watu wawili, mwanamume na mwanamke, viatu vinang'aa kama vimelambwa. Nikawakaribisha. "Mnashona au mnarekebisha?"

Mwanamume akasema, "Mama, tumekuja kuona mitambo."

"Mtambo ni huu mmoja," nikagonga cherehani.

"Mitambo ya binti yako."

"Ah, ile. Iliondoka."

"Iliondoka lini?"

"Siku nyingi. Biashara haikwenda."

Yule mwanamke alikuwa anatazama kule ukumbini, kwenye kitasa kipya. "Na mle mna nini?" akauliza.

"Magodoro ya marehemu mama mkwe wangu."

"Tunaweza kuyaona?"

"Dada yangu, ungependa wageni waje kukagua godoro alilofia mkweo?"

Akatoa kitambulisho kifuani. "Sisi tunatoka umoja wa zahanati."

"Hata mngetoka umoja wa mataifa. Magodoro ni magodoro."

Hapo Mama Pacha akachungulia juu ya ukuta wa uani, maana yeye masikio yake hayana likizo. Nikasema sasa nimekwisha. Lakini akawaambia, "Mwacheni mama wa watu, mnamtonesha kidonda. Biashara ya binti yake ilikufa. Mitambo ilibebwa mchana kweupe, mtaa mzima uliona."

Na kweli waliona. Ndilo jambo nililokataa kukuandikia. Mwezi wa sita nilimwomba kaka yako apite na mkokoteni umejaa maboksi matupu, amefunika turubai, atoke jasho kama yana uzito. Mimi nikasimama mlangoni nimeshika shavu. Walioniuliza niliwaambia: mwanangu alijaribu, wakubwa wamemshinda. Dukani, kisimani, kwenye harusi ya binti wa fundi bomba, kote nimesema hivyo hivyo. Wananipa pole. Mmoja aliniletea sukari.

Mwanangu, mdomo huu ulishazoea sifa zako. Mara ya kwanza kusema biashara yako imekufa, ulimi ulikuwa kama umetiwa ndimu. Lakini nimegundua kitu. Mtu akishakuhurumia haulizi tena. Akikuonea wivu ndipo anataka kuona.

Basi wale wawili wakaniaga, wakaenda kuuliza dukani, nasikia wakajibiwa yale yale. Wakaondoka na gari lao refu, lile la kuvuka mtoni bila daraja. Najua walikuwa wapelelezi wa wakubwa. Wamekwenda mikono mitupu.

Nimesimamisha kalamu, nairudia tena. Msumari ameingia sasa hivi, matope mpaka magotini, na barua yako ya Julai. Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma tena nimekaa.

Asiyecheka ovyo, ulisema. Hakucheka hata kidogo. Niliwafukuza wakaguzi wenyewe.

30 Agosti

Mama yangu, shikamoo.

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Mkaguzi, ambaye hakumsubiri Msumari kama tulivyokubaliana, alirudi mjini akaja moja kwa moja ofisini kwangu, hata mlango hakugonga. "Umetudanganya," akasema. "Hakuna mitambo. Mama yako mwenyewe anasema biashara imekufa, na mtaa mzima unasema hivyo hivyo." Nilikuwa sijapata barua yako, sikuelewa hata neno moja. Nikamwambia achague kumbukumbu yoyote ya majaribio waliyotupa. Akachagua. Nikazima mtambo wa mjini mbele yake, nikaivuta kutoka kwako. Ikaja. Akaniuliza inatoka wapi. Nikamwambia, "Inatoka kwenye magodoro," maana ndilo neno alilokuwa analirudia kwa hasira. Hapo ndipo asiyecheka ovyo alipocheka.

Na siku aliporudi huko kwako na Msumari na barua yangu ya ruhusa, nasikia ulimwomba kitambulisho kwanza. Amenisimulia mwenyewe. Kwenye ripoti yake ameandika kuwa majengo ya washindani wetu yanajulikana na kila mtu duniani, na chumba chetu hata jirani aliyewahi kukipiga picha anaamini hakina kitu.

Lakini sikufichi. Hatukupata yote. Hospitali kuu imekwenda kwa wakubwa, wana uwezo ambao mimi sina na huenda sitakuwa nao. Sisi tumepewa zahanati ndogo zote, zile ambazo wao hata majina yake wasingejifunza. Zinatosha. Hakuna niliyempunguza kazi. Yule mtu wa suti nimemwandikia kwamba sitakuwa wakala, na nimemshukuru, kwa sababu bila picha yake tusingefika hapa.

Kwa kazi hii tutapata chumba kwenye jengo lenye walinzi, na mitambo itahama mwakani. Ninajua utasikia nyumba imekuwa kimya.

Ndani ya bahasha mna ufunguo wa pili. Ni wako. Nilikosea kukufungia mlango wa nyumba yako.

Na sasa, mama, ukitaka, waambie. Mwambie hata Mama Pacha.

Binti yako.

21 Septemba

Mwanangu, mwenye zahanati zote,

Nilikaa kama ulivyosema, na ni vizuri nilikaa. Nilimbeba mtoto nikamsomea barua yote. Ndiye mtu pekee ninayeweza kumsimulia na hatapeleka popote. Alisikiliza vizuri, akanitapikia.

Huku tu wazima. Mtoto ana jino. Mshonaji wa barabarani naye ameandika mlangoni "kurekebisha bure". Nimeongeza vifungo bure.

Ufunguo nimeupokea. Nimeushika siku nzima mkononi mpaka ukapata joto, halafu nimempa Msumari akurudishie. Usidhani nimenuna, chai amekunywa vikombe vitatu. Mtu akiniuliza kama ninao, nataka kusema hapana bila kumeza mate.

Mitambo itakapohama kweli sitakuwa na la kuwatangazia, maana nimeshawatangazia. Mpaka hapo nitaendelea kushona upande wangu wa ukuta, nayo inavuma upande wake.

Juzi Mama Pacha alikuja kupimwa. Mwanawe amepandishwa cheo, kampuni yao imepata hospitali kubwa hapa kwetu. Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikasema, "Hongera, jirani. Mungu amzidishie."

Halafu akageuza kichwa, akasema, "Jirani, ni nini hicho kinavuma ukutani?"

Nikamwambia, "Jokofu. Nimelisogeza chumba cha nyuma. Limezeeka, halilali."

Akanishika mkono, macho yamemlegea kwa huruma. "Pole, mwenzangu. Mwandikie binti yako. Hata kama mambo yake hayakwenda, hawezi kushindwa kukununulia mama yake jokofu jingine."

Nikamwambia nitakuandikia. Basi ndiyo nimekuandikia.

Mama yako.